Kiharusi wiki ya nane: mkono haufunguki, wayo unaburura. Mashine ya umeme itafaa?

Bint_Makupa
Salaam aleikum jamaa. Baba ana miaka 61, kiharusi upande wa kushoto, wiki ya nane sasa. Bega linasogea kidogo, lakini kifundo cha mkono hakiinuki na vidole vimekunjika. Anatembea kwa kushika ukuta, wayo unaburura. Fiziotherapia ni mara moja kwa wiki. Duka moja mjini linauza mashine ya umeme ya "kufufua neva", na jingine lina sahani ya umeme ya kukanyaga. Tuchukue ipi? Na kwa huo mguu twende wapi?

Kigasha
Wa aleikum salaam dada. Hakuna mashine inayofufua neva. Umeme unakaza msuli ambao ubongo haujaweza kuufikia, na faida kubwa huja pale mgonjwa anapojaribu mwenyewe sekunde ileile. Akilala huku mashine inafanya kazi, mmepoteza saa.

Sahani iacheni. Inatekenya unyayo, na msuli wa kuinua wayo uko mbele ya muundi.

Kwenye boksi tafuta NMES au EMS, yaani umeme wa kukaza misuli. Yenye TENS peke yake ni ya kutuliza maumivu: mara nyingi mkondo wake hauna mapumziko, msuli ukachoka bure. Hakikisha unaweza kupanga sekunde za kukaza na za kupumzika. Kwa kuanzia: Hz 35 (mapigo 35 kwa sekunde), upana wa pigo mikrosekunde 250, kupanda polepole sekunde 2, kukaza 5, kupumzika 15. Dakika 20, mara mbili kwa siku.

Pedi za sentimita 5 kwa 5 huwekwa mgongoni mwa kigasha (kati ya kiwiko na kifundo): moja vidole vitatu chini ya kiwiko upande wa nje, ya pili karibu na katikati ya kigasha. Ongeza nguvu mpaka kifundo kiinuke. Kikipinda chini, umeme umevuka hadi misuli ya kukunja: punguza nguvu, rudisha pedi mgongoni. Kikilalia upande wa kidole cha mwisho, sogeza pedi kidogo upande wa dole gumba. Mara ya kwanza mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia achore alama kwa kalamu juu ya ngozi.

Na joto letu hili: jasho na mafuta ya nazi huua pedi haraka. Osha mkono kwa sabuni, kausha kabisa, ndipo ubandike. Pedi iliyoshika kona tu huchoma ngozi.

Asitumie kabisa mwenye kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa, au mwenye damu iliyoganda kwenye kiungo hicho, asianze bila daktari kuruhusu. Pedi haziwekwi shingoni wala juu ya kidonda.

TibaKazi_Kisauni
Naafiki, ila kabla ya kutoa pesa ya mashine, nunueni kioo. Cha sentimita 40 kwa 50 kinatosha, kingo zifungwe utepe zisimkate. Kisimamishwe mezani katikati ya kifua, mkono mgonjwa nyuma yake, mzima mbele. Avue pete na saa, maana tofauti ndogo huvunja picha ya kwamba ule mgonjwa ndio unaosogea. Aangalie kiooni huku akifungua na kufunga vidole taratibu, na wa nyuma ajaribu vilevile. Dakika 30 kila siku, kwa vipande vya dakika 10 akichoka. Kosa la kawaida ni kuchungulia nyuma ya kioo.

Vidole vikianza kuachia, mpeni kazi ya kweli: kitambaa cha sahani akiokote na kukiachia, kisha kikombe cha kahawa cha plastiki, kisha kete za bao. Akiweza kile kitambaa, muulizeni mtaalamu kuhusu kumvalisha glavu mkono usiougua ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Mpango wa asili wa tiba hii ya glavu ulikuwa wiki 2, glavu hadi asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, ikivuliwa akioga au akishika mkongojo. Kabla ya hatua hiyo, glavu ni kumkatisha tamaa tu.

Nasisitiza hili: msimnyanyue kwa kumvuta mkono wala kumshika kwapani. Bega legevu huchomoka taratibu, na maumivu yake huzuia mazoezi yote mengine. Akikaa, mkono ulale juu ya mto.

Karakana_PortReitz
Mguu sasa. Anahitaji banzi la plastiki la kushika wayo, linalopita nyuma ya shavu la mguu hadi chini ya unyayo. La kupimwa kwa plasta linashinda la dukani, hasa kisigino kikiwa kinanyanyuka kwa kukakamaa. Ulizia karakana ya mifupa Hospitali ya Rufaa ya Pwani, Mombasa, au APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya kilichoanza 1958. Kwa tiba nenda tawi la Port Reitz. Wengi hukimbilia Bombolulu kwa kuwa jina linafahamika, lakini kule kunajulikana zaidi kwa kazi za mikono.

Siku ya kupima beba viatu vya kamba au vya kubandika, namba moja zaidi. Ndara haishiki banzi. Siku ya kwanza avae dakika 30, avue, mkague ngozi kwenye kisigino na mifupa ya kifundo. Wekundu usiopotea ndani ya dakika 20 maana yake banzi linabana: lirudisheni likakunjuliwe kwa joto. Msijaze pamba, itabana zaidi.

Sambamba na hayo, anzeni usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Madaktari wa hospitali ya serikali hufanya tathmini kwanza, kisha baraza husajili. Baraza husaidia vifaa, ila kuna kusubiri, kwa hiyo msingoje kadi ndipo mtafute banzi.

Bint_Makupa
Shukran sana. Mkono umevimba kidogo jioni, naweza kuendelea na umeme?

Kigasha
Umevimba vipi? Ukipungua akiinua mkono juu ya mto usiku kucha, endelea. Ukiwa wa moto, mwekundu na unauma ukiguswa, simamisha na mwone daktari siku hiyohiyo, msisubiri miadi ya wiki.