Nimeibiwa mbele ya kamera nne na uso wa mwizi hauonekani. Naomba ushauri kabla sijanunua nyingine

Mwenye Geti
Wakuu salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi.

Wiki mbili zilizopita, saa nane na dakika kumi usiku, mtu aliruka ukuta akaingia uani kwangu. Alikata mnyororo wa pikipiki, akaisukuma taratibu hadi getini, akafungua komeo kwa ndani na kuondoka nayo. Nina kamera nne, zote zilikuwa nzima na zote zimerekodi. Ile video nimeitazama sijui mara ngapi. Naona mtu mwembamba mwenye kofia na koti refu. Kuna kama sekunde mbili anageukia kamera ya mbele, lakini nikisimamisha picha uso ni doa jeupe lililoburutwa upande, kama mtu aliyefuta chaki kwa kiganja.

Polisi, askari aliyenipokea aliuliza mambo mawili tu: uso uko wapi, na mbona saa ya kwenye video imetangulia kwa dakika 47? Sikuwa na jibu. Jirani alijitolea video ya kamera yake inayotazama njia, lakini kwa kuwa saa hazilingani ikawa kazi kumwonyesha kuwa ni mtu yuleyule.

Vifaa vyangu: kamera za waya za megapikseli 4, lenzi ya milimita 2.8, zimefungwa chini ya paa, mita 4.5 hivi kutoka ardhini. Kamera ya mbele hadi getini ni mita 12. Rekoda ina diski ya terabaiti 1, iko sebuleni kando ya televisheni. Arifa za simu nilizizima zamani, maana usiku mmoja zilikuwa zinaingia hata mia mbili na zote ni wadudu na mvua.

Fundi ananiambia nizitoe zote niweke za megapikseli 8. Hiyo ndiyo tiba? Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa inampeleka mama hospitali. Sitaki tena kumtazama mtu akiniibia nisijue ni nani.

Fundi Lenzi
Pole sana mkuu. Usinunue chochote kwanza, tupige hesabu.

Kipimo tunachokitumia wengi kinatoka kwenye kiwango cha IEC 62676-4 cha 2014. Hakiulizi kamera ina megapikseli ngapi. Kinauliza pale aliposimama mtu, mita moja ya upana imepata pikseli ngapi, yaani vile vinukta vinavyounda picha. Pikseli 25 unajua tu kuwa kuna mtu. Kwa 125 unaweza kumtambua mtu unayemfahamu tayari. Mtu usiyemjua, ambaye unataka sura yake isimame mbele ya hakimu, anahitaji 250.

Sasa yako. Lenzi ya milimita 2.8 inafungua kama nyuzi 100. Kwa umbali wa mita 12 inaona upana wa karibu mita 28 na nusu. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kwa upana, ukigawa unapata takriban 90 kwa mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 16 hivi. Kwa hiyo uso mzima wa mwizi wako umechorwa kwa pikseli 14. Hakuna programu itakayourudisha, maana haukuwahi kuingia kwenye picha.

Ukiweka ya megapikseli 8 yenye lenzi ileile, unapata kama 134 kwa mita, uso una pikseli 21. Umetoa hela na bado hujafika.

Lakini ukiacha megapikseli 4 hizohizo ukaweka lenzi ya milimita 8, upana unabana hadi kama mita 9. Hapo unapata karibu 290 kwa mita na uso una pikseli 46. Utapoteza kuona pembeni, ndiyo, lakini geti lako halina upana wa mita 28. Kamera tatu zilizobaki ziendelee kutazama uwanja. Hiyo moja kazi yake iwe uso tu.

Bi Usiku
Fundi Lenzi kamaliza upande wa lenzi, ila lile doa "lililoburutwa" ni ugonjwa mwingine, na hata ukiweka lenzi mpya hautapona usipogusa mipangilio.

Usiku kamera ikiachwa ijiamulie, inachelewesha shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila picha) ili ikusanye mwanga. Wewe ukiangalia simu unafurahi, uwanja unaonekana kama mchana. Kumbe kila picha imefunguliwa kwa sehemu ya 1/12 ya sekunde. Mtu anayetembea kawaida anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya picha moja amesogea sentimita 12. Uso wenyewe ni sentimita 16! Ndiyo maana unaona moshi.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, sehemu ya mwangaza, toa "otomatiki", weka shata 1/60, na ikiwezekana 1/100. Picha itaingia giza. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa, sasa ongeza taa. Taa nyeupe juu ya geti inakupa vitu viwili: rangi ya koti, na uso usiopauka. Infraredi ya kamera (mwanga wake wa usiku usioonekana kwa macho) ikimpiga mtu usoni kwa karibu inamfanya awe karatasi nyeupe, na nguo nyeusi inaweza kuonekana ya kijivu. Kama kamera yako ina kipimo cha kupunguza nguvu ya infraredi, kipunguze.

Na tafadhali, ipime usiku. Mwambie mtu avae kofia, atembee kutoka ukutani hadi getini kwa mwendo wa haraka, halafu simamisha video. Fundi wengi wanakabidhi kazi saa kumi jioni, jua likiwa bado kali.

Tumaini K
Mimi ningeachana na nyaya kabisa mkuu. Nina kamera mbili za betri zinazotumia waifai, nimezifunga mwenyewe kwa nusu saa, arifa zinaingia simuni, video inahifadhiwa mtandaoni. Mwizi akiiba rekoda hapati kitu.

Fundi Lenzi
Tumaini, kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta nakubaliana nawe. Kwa geti la mkuu hapana. Kamera ya betri inalala ili isimalize chaji, ikihisi mtu ndipo inaamka, na mara nyingi unakuta video inaanza mtu akiwa amekwishapita, unaona mgongo. Halafu waifai inaweza kuvurugwa kwa kifaa kidogo cha mfukoni. Waya mmoja wa mtandao unabeba umeme na picha pamoja hadi mita 100, na hauhitaji kuamshwa. Ila nunua waya wa shaba halisi. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kama ndugu yake. Kwa umbali mrefu umeme unapungua na kamera inazimika usiku infraredi inapowaka. Nimeshatafuta ubovu wa namna hiyo siku mbili nzima, nikabadilisha kamera mara mbili, kumbe ni waya.

Hoja yako ya rekoda kuibiwa ni ya kweli lakini. Mkuu, iondoe sebuleni leo. Weka kwenye kabati lenye kufuli au darini penye hewa, pamoja na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) inayobeba rekoda na ruta, yaani kile kifaa cha intaneti. Kama kamera ya geti ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, tia kadi, ili irekodi pande mbili.

Mlinzi wa Zamani
Nimefanya ulinzi miaka mingi, niseme la upande wangu.

Kamera haimshiki mtu. Kuna mapitio makubwa yaliyochapishwa 2019, yalikusanya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za maeneo ya umma. Yalikuta uhalifu umepungua kwa kama asilimia 13, na nafuu kubwa zaidi ilikuwa kwenye maegesho ya magari. Kwenye uhalifu wa kumdhuru mtu hawakuona tofauti ya maana. Na pale ambapo kuna mtu anazitazama kamera, tena zikaunganishwa na hatua nyingine, ndipo matokeo yalikuwa mazuri zaidi.

Kwa hiyo ndugu yangu, anza na komeo. Geti linalofunguka kwa ndani bila ufunguo linamsaidia mwizi kutoka na mzigo. Weka kufuli pande zote mbili (funguo za dharura ziwe ndani ya nyumba, moto hauna taarifa). Pikipiki ifungwe kwenye pete ya chuma iliyozikwa kwenye zege. Akichelewa dakika tano uani, dakika hizo tano ndizo kamera na arifa zako zinazihitaji.

Bi Usiku
Kwenye arifa sasa. Zako zilikuwa zinafuata mabadiliko ya pikseli, ndiyo maana kila nondo anayepita mbele ya taa anakupigia simu. Angalia kama rekoda au kamera ina utambuzi wa binadamu. Kama ipo, chora mstari kwenye picha, ndani ya geti na juu ya ukuta ule alioruka, iwe inatoa arifa mtu akivuka, kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri tu. Ukipata arifa mbili kwa wiki utaamka. Ukipata mia mbili utazima, na mwenye kosa si wewe.

Safisha utando wa buibui pia. Infraredi inawavuta wadudu, wadudu wanamvuta buibui, na uzi mmoja mbele ya lenzi unawaka kama kamba.

Nywila Ngumu
Wakuu hamjagusa la hatari kuliko yote. Mwenye Geti, nenosiri la rekoda ni lipi, lile lililokuja nayo? (Usiliandike hapa.)

Oktoba 2016 virusi vya Mirai viliteka vifaa vingi sana, zikiwemo kamera na rekoda za majumbani, kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani. Vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza majina ya tovuti mtandaoni, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua chochote.

Badilisha nenosiri, sasisha programu ya rekoda, zima UPnP kwenye ruta (inaruhusu vifaa kujifungulia njia ya kutoka nje), na kama fundi alifungua mlango wa ruta ili uone kamera ukiwa mbali, ufunge, utumie VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani. Ukiwa humohumo washa NTP (huduma ya kuchukua saa sahihi mtandaoni) ili saa ijirekebishe yenyewe, na hakikisha ukanda wa saa ni wako. Zile dakika 47 zinaisha hapo.

Mwenye Geti
Wakuu, nimesoma yote. Nenosiri lilikuwa lile la kiwandani, na ruta ilikuwa imefunguliwa. Nimeshabadilisha. NTP imewashwa. Rekoda imehamia kwenye kabati la chumbani.

Swali: diski inanitosha? Na kamera ya nyuma inaona dirisha la jirani, ana haki ya kulalamika?

Fundi Lenzi
Kila kamera ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde mfululizo, inakula gigabaiti 43 kwa siku. Nne ni karibu 173. Terabaiti yako moja inajaa kabla ya siku ya sita, kisha inafuta za zamani. Ukisafiri wiki moja umekosa. Weka terabaiti 4 ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya kamera, utapata kama siku 23. H.265, njia ya kubana video, inaweza kurefusha zaidi.

Na siku ukitokewa na jambo, usirekodi kioo kwa simu. Toa faili halisi kutoka kwenye rekoda, dakika kadhaa kabla na baada, nakala mbili, moja usiiguse kabisa.

Nywila Ngumu
Jirani ana haki, ndiyo. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mtu wa Jamhuri ya Czech aliyevunjiwa dirisha. Kamera yake ilisaidia kuwapata watuhumiwa, lakini kwa kuwa ilikuwa inarekodi njia ya umma na mlango wa nyumba ya pili, mahakama ilisema hilo si jambo la nyumbani tu, sheria ya kulinda taarifa za watu inamhusu. Kila nchi ina sheria yake, angalia ya kwenu. Kwa sasa ingia kwenye mipangilio, chora kiraka cheusi juu ya dirisha lile, kisha mwite jirani umwonyeshe. Huyohuyo ndiye aliyekuletea video yake.

Mwenye Geti
Nimerudi wakuu. Lenzi ya milimita 8 imefungwa kwenye kamera ya geti, nimeishusha hadi mita 2 na nusu kwenye nguzo ya pembeni, taa nyeupe ipo, shata 1/100. Jana saa sita usiku mdogo wangu alivaa kofia na koti langu, akatembea haraka hadi getini. Nimesimamisha picha. Naona kovu lake la juu ya jicho, na naona kitufe kimoja cha koti kimefungwa vibaya. Nilikaa kimya kidogo. Kumbe kwa vifaa hivihivi vya zamani, kasoro lenzi na taa, ningeweza kumwona yule mtu.

Jirani amekuja, kaona kiraka, tumelinganisha saa za kamera zetu. Limebaki moja: kamera ina kipaza sauti, nikiwashe?

Nywila Ngumu
Kizime hadi usome sheria ya kwenu. Nchi nyingi zinabana kurekodi mazungumzo kuliko picha, na kitu unachokitaka pale getini ni uso.