RAV4 2AZ-FE inakunywa maji, lakini chini hakuna hata tone

Himbi_2AZ (Goma)

Jambo wakubwa. Gari ni Toyota RAV4 ya 2004, injini 2AZ-FE ya lita 2.4. Kila juma naongeza karibu nusu lita kwenye radiateri, ila maji ya bidoni ya akiba yako palepale, hayashuki. Asubuhi chini ya gari ni pakavu. Mjini sindano ya joto inakaa katikati, lakini nikipanda mlima wa kwenda Kibumba na mzigo inaanza kusogea juu. Nikifungua hita inarudi. Mafuta ya injini ni safi, hayana rangi ya maziwa, na moshi mweupe hakuna.

Fundi mmoja anataka kutoa termostati (kivalvu kinachofungulia maji njia ya radiateri injini ikipata moto). Mwingine anasema tufungue kulasi (kichwa cha injini) tubadilishe gasketi yake, basi. Mimi kabla ya kufungua chochote nataka kujua maji yanapitia wapi. Mnipe mpangilio wa kupima.

garaji_Ndosho

Termostati iache mahali pake. Ukiitoa, injini itatembea baridi mjini na kula mafuta mengi, halafu mlimani joto litapanda vilevile kwa sababu maji bado yanapungua. Ukiwa na shaka nayo, itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: ya 2AZ huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84.

Katika yote uliyoandika, kubwa ni hiyo bidoni isiyoshuka. Injini ikipoa, maji husinyaa na radiateri huvuta kutoka kwenye bidoni. Kama haivuti, sababu ni moja kati ya mbili: kile kivalvu kidogo cha katikati ya bushoni (kifuniko cha radiateri) kimekufa, au kuna tundu mahali fulani linaloingiza hewa. Cha kwanza utakijua kwa tiyo (bomba la mpira) ya juu ya radiateri: kivalvu kikigoma kufunguka, injini ikipoa tiyo inabonyea kama imenyonywa. Tiyo ikibaki nzima, tafuta tundu.

Na bushoni yenyewe usiidharau. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Bushoni iliyoandikwa 1.1 (kipimo cha presha, karibu bar 1.1) ikishika presha vizuri, maji hayachemki mpaka yakaribie 120. Bushoni ikilegea, unabaki na nafasi ndogo mno kati ya joto la kawaida la injini na kuchemka. Ndiyo maana gari lililokuwa zima Mombasa linachemka hapa kwetu kwenye mlima wa kwanza.

Kadutu_meka (Bukavu)

Tafuta pompa ya mkono ya kupimia presha, garaji nyingi za Toyota wanayo. Injini iwe imelala usiku kucha. Jaza radiateri hadi shingoni, funga pompa mahali pa bushoni, pandisha hadi 1.1 na uishie hapo. Ukizidisha, tangi la plastiki la radiateri kuukuu linapasuka kwenye mshono na utakuwa umeongeza kazi. Ngoja dakika 15.

Presha ikishuka, iache pompa palepale, chukua tochi na kioo kidogo. Angalia mshono wa plastiki na alumini pande zote za radiateri, kisha upande wake wa chini, kwa kuwa barabara za makoro (mawe ya volkano) hurusha mawe huko. Angalia katundu kadogo kaliko chini ya pompa ya maji: kenye ukoko mweupe au wa waridi, pompa imekwisha. Angalia tiyo mbili za hita zinapoingia ukutani mwa kabini, na upapase zulia miguuni mwa abiria. Zulia likiwa na unyevu unaonata na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye harufu tamu, ni radiateri ndogo ya hita.

Mwisho, na kwa injini hii ndipo ningeweka dau langu: nyuma ya bloki (mwili wa injini wenye silinda), upande wa kabini, kwenye mstari ambapo kulasi inakaa juu ya bloki. 2AZ-FE za miaka ile zina udhaifu unaojulikana. Nyuzi (meno ya shimo) za buloni (bolti) za kulasi ndani ya bloki ya alumini huchomoka, hasa buloni tatu za katikati upande wa nyuma. Kulasi inalegea kidogo, maji yanatoka kwa nje. Na kwa kuwa egzosi iko upande huohuo, maji hukaushwa na joto kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu unaona pakavu.

Lushi_Kenya (Lubumbashi)

Ndugu zangu, msimpeleke mwenzetu kwenye kulasi mbio mbio. Pompa ya maji nayo huvuja wakati injini inazunguka tu, ikisimama inanyamaza, na presha ya mkono haiioneshi kila mara. Ashike puli ya pompa, mkanda ukiwa umetolewa, aitikise: ikicheza au kukwaruza, ibadilishwe kwanza.

Pia apime gesi ya moshi ndani ya radiateri kwa ile dawa ya bluu. Injini ikiwa ya moto na inazunguka, hewa ya juu ya radiateri inapitishwa katika dawa. Ikigeuka njano, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Ikibaki bluu, gasketi upande wa silinda bado inashika.

Na yeyote atakayekuuzia unga wa kuziba, mkatalie. Unga hautambui tundu baya na njia nzuri. Unaanza kuziba vijia vyembamba vya hita na radiateri. Ute wa yai ambao wengine hutia kwenye radiateri, vivyo hivyo.

Himbi_2AZ

Aksanti wakubwa. Majibu: presha imetoka 1.1 hadi 0.8 kwa dakika 15. Bushoni imepimwa peke yake, inashika. Puli ya pompa haichezi, katundu ni kakavu. Dawa imebaki bluu. Kwa kioo nimeona ukoko wa waridi nyuma ya bloki, karibu katikati, chini kidogo ya mstari wa kulasi. Zulia kavu.

Je, haiwezekani kukaza tu hizo buloni?

Kadutu_meka

Haiwezekani. Buloni inahitaji nyuzi za kushikia, na zako zimekwisha. Ukikaza utaona inazunguka bila kugoma, au inatoka na unga wa alumini umejaa kwenye meno yake. Kwa sababu hiyohiyo, gasketi mpya peke yake ni pesa ya bure: itavuja tena, kwa kuwa hakuna kinachoibana.

Kazi yenyewe: kulasi inatoka, kumaanisha kifuniko cha cheni na cheni vinatoka pia. Legeza buloni kidogo kidogo kuanzia nje kuja katikati. Kulasi ipimwe kwa rula ya chuma na filer (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Upande unaokaa kwenye bloki ukipinda zaidi ya milimita 0.05, ipelekwe kusagwa. Mashimo ya bloki yanatobolewa upya na kutiwa bushi za chuma zenye nyuzi ndani na nje. Zile za waya uliosokotwa sizipendi kwa mzigo wa kulasi. Usikubali kutobolewa kwa mkono mtupu: drili iongozwe na bamba lililofungwa kwenye bloki, kwa sababu shimo likienda upande, buloni inavuta upande na umeharibu bloki nzima. Na zitiwe bushi zote kumi, si tatu. Saba zilizobaki zina umri uleule.

Ziba silinda na njia za mafuta kwa vitambaa wakati wa kutoboa, kisha pulizia kila shimo mpaka likauke. Mafuta au maji yakibaki chini ya shimo, buloni ikishuka haina pa kuyasukuma, na bloki hupasuka. Nunua buloni mpya, hizi huvutika zikikazwa. Kukaza ni kutoka katikati kwenda nje, kwa ufunguo wenye kipimo cha nguvu, halafu pembe ya mwisho kama kitabu cha injini kinavyosema. Fundi asiye na huo ufunguo, usimpe kazi.

Lushi_Kenya

Nakubali, ukoko umejibu. Kwa vile kila kitu kiko wazi, weka pompa ya maji mpya sasa hivi.

garaji_Ndosho

Kujaza: mfumo huu unachukua kiasi cha lita 6. Weka antijeli (dawa ya maji ya radiateri) nyekundu ya Toyota au inayolingana nayo, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya dukani ya betri. Soma kibandiko usije ukanunua asidi. Usichanganye na ya kijani. Hapa hakuna baridi ya kugandisha, lakini antijeli inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Maji ya ziwa Kivu hapana, yana chumvi nyingi zinazoacha ukoko ndani ya vijia. Ya mvua watu huyaona safi, ila chini ya moshi wa volkano ya Nyiragongo mvua yetu ina asidi, na alumini haiipendi.

Elekeza pua ya gari kilimani, fungua hita kwenye joto kabisa, jaza taratibu, washa bila bushoni huku ukiminya tiyo ya juu. Tiyo ikipata moto ghafla, termostati imefunguka. Maji yatashuka, ongeza. Funga bushoni, tembea kidogo, acha ipoe usiku. Asubuhi fungua uangalie shingo ya radiateri na alama ya bidoni. Safari hii bidoni inapaswa kuwa imeshuka kidogo na radiateri kujaa. Rudia pompa ya presha baada ya kilomita 500 hivi, kabla hujaipandisha Kibumba na mzigo.