Vifaranga vya mwatiko wanapigana na maji getini, nguvu wanatoa wapi?

mama_wa_bwawa
Wadau habari zenu. Nina bwawa la mwatiko (milkfish, samaki wa bahari wa kufugwa) huku Kilifi, vifaranga niliwaokota kwenye vidimbwi vya mikoko, wana kama inchi moja hivi. Maji yakijaa nikifungua geti wote wanakuja mbio, wanajipanga kundi moja vichwa vikielekea maji yanakotoka, na wanakaa hapo wanaogelea bila kusogea saa nzima. Bamvua iliyopita, zile siku maji yanajaa na kupwa sana, asubuhi nikakuta kama arubaini wamenata kwenye wavu wa geti wamekufa, imeniuma sana. Ni kuchoka au ugonjwa?

hori_la_juu
Pole sana dada. Kufuata maji mapya ndo asili yao mwatiko, Ufilipino wanawavuna hivyohivyo, wanapunguza maji bwawani halafu wanaingiza ya bahari, samaki wanajileta wenyewe.

pezi
Mi naona ni kuchoka. Samaki ana nyama nyekundu kidogo pembeni, hiyo ndo ya mwendo wa kutwa, ile nyeupe nyingi ni ya kuchomoka tu, akiitumia kwa nguvu inachoka haraka na kupona kunachukua masaa. Watafiti kule Australia mwaka 1997 waliwapima wachanga wa samaki wa miamba kwenye maji yanayokwenda sentimita 13 na nusu kwa sekunde, wachanga wa samaki aina ya kangaja wakaogelea kwa wastani zaidi ya masaa 190 bila kula, yani kama kilomita 94! Kwa hiyo udogo sio udhaifu, shida ni kasi. Geti lako likitoa mita moja kwa sekunde, huyo wa inchi moja anatakiwa aende mara arubaini ya urefu wake kila sekunde, haiwezekani.

hori_la_juu
Na geti ni hilohilo moja la kuingiza na kutoa? Basi wanachoka maji yakijaa, yakianza kupwa wako palepale hawana nguvu wanavutwa wavuni.

mama_wa_bwawa
Ndio ni moja tu!! Mbona sikuwaza hilo.

hori_la_juu
Fungua kidogo kidogo, na wavu usiubane kwenye tundu la geti, uzungushie mbali kwa upana kama nusu duara ili maji yapite taratibu. Siku za bamvua funga kabla hayajaanza kupwa.

mama_wa_bwawa
Asanteni sana ndugu zangu, wavu naanza kuusogeza leo jioni.