Naomba ushauri: sheria za maabara ya Kemia, kidato cha tatu

Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamooni. Nafundisha Kemia shule ya kata huku Mafinga. Mwaka huu nimebandika sheria mlangoni: viatu vya kufunika mguu, nywele na skafu zifungwe, hakuna kula maabara, na asiyeandika hatua za jaribio kwenye daftari haingii. Hizo za usalama sina mjadala nazo. Ukimimina maji kwenye asidi kali ya salfuriki badala ya asidi kwenye maji, joto linachemsha na kurusha matone. Hapo kandambili haikusaidii kitu.

Shida iko kwenye majibu. Juzi tulifanya taitresheni (kudondosha asidi kidogo kidogo kwenye besi hadi zimalizane, kisha unasoma ujazo wa asidi uliotumika), sodiamu haidroksaidi kwenye pipeti, asidi ya haidrokloriki kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye alama na koki chini. Napita mezani nakuta benchi zima limeandika 24.60, wakati bureti yao mojawapo bado imejaa hadi alama ya sifuri, haijafunguliwa kabisa! Sheria inasema anayenakili anapata sifuri, ila nikiisimamia nusu ya darasa imekwisha.

Nafikiria kila benchi nilipatie asidi ya ukali tofauti ili majibu yasilingane. Sasa fundi wa maabara hatuna, chupa zote naandaa mwenyewe (na vipindi vingine vinanisubiri).

Walimu wenzangu mnafanyaje? Sifuri ibaki, au warudie jaribio Jumamosi? Na aliyekuja bila maandalizi, nimwache nje na baridi hii ya Julai au nimkalishe nyuma aangalie tu?