Datsun 1600 SSS yenye SR20DET: rejeta ya shaba, ya alumini au ile ya Silvia?

SSS_Damuni
Wakuu salaam. Nina Datsun 1600 SSS (510) ya 1971, bodi safi, injini yake ya asili L16 ya cc 1595 imetoka na mahali pake imekaa SR20DET, injini ya turbo ya Nissan Silvia S13, na gia boksi yake. Injini inawaka vizuri, kilichobaki ni rejeta. Ile ya zamani ilikuwa inahudumia injini ya farasi karibu mia hivi, sasa nina turbo ambayo ikiwa haijaguswa inatoa farasi 205, halafu intakula (kipoza hewa ya turbo) itakaa mbele ya rejeta na kuzuia upepo.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza nichukue rejeta yangu ya shaba niiwekee kifua kipya (ile sehemu ya katikati ya mirija na mapezi) chenye mistari mingi zaidi ya mirija, ya pili ninunue ya alumini tupu, na ya tatu nifunge rejeta ya S13 yenyewe ile ya matangi ya plastiki maana ndio iliyozaliwa na hii injini. Gari hili nalipenda sana, 510 ndio iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1970 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kwa hiyo kukatakata fremu ya mbele sitaki kabisa kama kuna njia nyingine. Naombeni mawazo yenu.

Mzee_Lehemu
Mimi nasimama na shaba. Rejeta yako ya asili ina matangi ya shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na zinki), vishikio vinalingana na bodi, ukifungua boneti gari linabaki na sura yake. Unampa fundi anatoa kifua cha zamani, analehemu kipya cha mistari mitatu au minne, milango ya hozi anaihamisha akaiweka upande unaotaka na kwa kipenyo cha SR20, huhitaji viunganishi vya kuungaunga. Ikitoboka safarini fundi yeyote mwenye lehemu anaiziba. Na shaba inapitisha joto kuliko alumini, hilo halina mjadala.

AluminiTu
Mzee shikamoo, ila hapo kwenye kupitisha joto naomba niongezee. Ni kweli shaba tupu inapitisha kama wati 400 kwa mita kwa kila digrii na alumini kama 237, lakini kwenye rejeta ya zamani mapezi tu ndio shaba tupu, mirija yake ni shaba nyeupe ambayo inapitisha kidogo kuliko hata alumini, na kati ya mrija na pezi kuna lehemu ambayo nayo ni kikwazo. Alumini inaunganishwa kwenye tanuri bila lehemu laini ile, na kwa sababu rejeta nzima ni nyepesi wanaweza kutumia mirija mipana. Mistari miwili ya mirija ya milimita 25 inagusana na mapezi karibu sawa na minne ya milimita 12, na hewa inapita kirahisi zaidi. Kwa hiyo usihesabu mistari mkuu, uliza upana wa mrija.

Mzee_Lehemu
Marahaba kijana, hoja ya upana wa mirija naikubali. Lakini alumini ikipasuka unamtafuta mtu wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, na wengi wanaojaribu wanaitoboa zaidi.

Bi_Spana
Jamani kabla ya kugombania madini, SSS_Damuni amepima nafasi? 510 nzima ina upana wa milimita 1,560, S13 ni 1,690. Huo ni upana wa gari sio wa tundu la rejeta, lakini unakuonyesha kwa nini rejeta ya S13 mara nyingi inagoma kukaa kati ya nguzo za mbele mpaka mtu ashike grinda. Kama hutaki kukata, ile njia ya tatu pima kwa katoni kwanza: kata katoni ya ukubwa wa rejeta pamoja na unene wa feni, iweke mahali pake, funga boneti, angalia umbali wa kutoka kwenye puli ya injini. Usipime rejeta peke yake, watu wengi wanasahau kwamba feni ya umeme inakula sentimita kadhaa nyuma.

Halafu usiogope sana hiyo 205. Joto linaloingia kwenye maji linafuata nguvu unayotumia wakati huo, sio ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Theluthi hivi ya nguvu ya mafuta inaenda kwenye maji, theluthi inatokea ekzosi, iliyobaki ndio inasukuma gari. Gari lenyewe linazunguka tani moja, ukiwa unatembea mwendo wa kawaida injini haifanyi kazi kubwa na joto halipishani sana na la L16. Shida inakuja kwenye mlima mrefu turbo ikiwa imejaa, au kwenye foleni, na hizi ni shida mbili tofauti zenye dawa tofauti. Gari likichemsha limesimama halafu likipoa ukitembea, tatizo ni feni na kava lake. Likitulia kwenye foleni halafu likapanda joto kwenye mwendo, hapo ndio uangalie ukubwa wa rejeta, njia ya hewa au hozi ya chini inayonywea.

SSS_Damuni
Asante sana dada, hii ya katoni naifanya. Hozi ya chini kunywea ndo nini?

Bi_Spana
Ile ya chini pampu inavuta maji kupitia humo. Hozi ikiwa laini na rejeta ina njia nyembamba au imeziba, mzunguko wa injini ukipanda hozi inajikunja yenyewe na maji yanapungua, ukiachia gesi inarudi umbo lake huoni kitu. Ndio maana hozi nyingi za chini zina springi ndani, ukinunua ya kukata mwenyewe hakikisha ipo au iwe ngumu.

Karakana_ya_Nyuma
Kuna njia ya nne hamjaitaja. Zipo rejeta za alumini zinazotengenezwa kwa umbo la ile ya VW Scirocco, watu wa magari ya mashindano na ya kujiundia wanazipenda sana. Maji yanakwenda kwa ulalo badala ya kushuka, kwa hiyo ni fupi kwa kimo na pana kiasi, na zipo ambazo maji yanakwenda upande mmoja kwa juu kisha yanarudi kwa chini, hozi zote mbili zinatokea upande uleule. Kwa 510 uzuri wake ni kwamba rejeta fupi inakuachia nafasi ya kupitisha mabomba ya intakula juu au chini yake bila kutoboa bodi.

Ila ikikaa chini kuliko silinda hedi, hewa itakusanyika kwenye injini na sio kwenye rejeta, na kofia ya rejeta haitakusaidia kitu. Hapo lazima uweke tangi dogo la kujazia ambalo ndilo liwe sehemu ya juu kabisa ya mfumo mzima, kofia ikae huko, na hozi nyembamba itoke pale juu ya rejeta na juu ya injini irudi kwenye hilo tangi. Usipofanya hivyo utajaza maji utadhani yamejaa, kumbe kuna povu kwenye hedi, geji inaruka juu inashuka inaruka tena.

Kofia nayo usichukue yoyote. Maji matupu kwenye presha ya kawaida yanachemka 100, ukiyabana kwa bar 1 juu ya hapo yanafika 120, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu na kulanti karibu 129. Lakini kifua cha zamani cha shaba usikipe kofia yenye presha kubwa kuliko ile kilichotengenezewa, lehemu itaachia.

WayaMwekundu
Mimi ni wa umeme nitaongea ya umeme. Feni moja kubwa inaweza kula ampia 20 hadi 30, na inapoanza kuzunguka inakula zaidi. Usiipitishe kwenye swichi ya dashibodi, weka rilei na fyuzi yake, waya mnene kutoka betri. Alteneta tumia ile iliyokuja na SR20, ya L16 haikutengenezwa kubeba mzigo huu.

Na hii waliochagua alumini waisome mara mbili. Hasi ya feni isifungwe kwenye rejeta wala kwenye vishikio vyake, ipeleke kwenye bodi au betri moja kwa moja. Rejeta ikae juu ya raba isigusane na chuma. Ukimaliza chukua multimita, hasi kwenye nguzo hasi ya betri, ncha chanya ichovye kwenye maji bila kugusa bati la rejeta, washa injini, feni na taa. Ukiona inazidi volti 0.1 tafuta waya wa ardhi ulio dhaifu, mara nyingi ni ule wa injini kwenda bodi maana ndio unaosahaulika ukibadilisha injini. Umeme ukipita kwenye maji unaitafuna alumini mpaka inatoboka vitundu vidogo, na SR20 yenyewe bloku na hedi ni alumini, kwa hiyo kulanti yenye kinga ni lazima, maji ya bomba peke yake hapana.

Bi_Spana
Naunga mkono. Na kava la feni msilidharau, feni ikibandikwa moja kwa moja kwenye mapezi inavuta hewa kwenye duara lake tu, pembe zote nne zinakaa bure. Kava lifunike kifua chote na liache nafasi kidogo nyuma ya mapezi. Mbele nako ziba mianya kati ya intakula, rejeta na fremu kwa sponji au bati jembamba, hewa inapenda njia rahisi, ukiiachia upenyo itapita pembeni.

AluminiTu
Kama ataangukia ya S13 iliyotumika aangalie shingo ya tangi la plastiki pale hozi inapokaa. Ikiwa imegeuka kahawia na ukiibonyeza na kucha inalia kavu, haina maisha. Na pale plastiki inapokutana na alumini, chini ya yale meno yaliyokunjwa, ukiona ukoko mweupe au wa kijani inavuja tayari.

SSS_Damuni
Nimerudi wakuu. Katoni imesema S13 haikai bila kukata, basi hiyo nimeifuta. Ya shaba inaingia ikiwa na kifua kinene lakini feni inabaki na nafasi ya kidole kimoja kutoka kwenye puli, na kava haliwezekani kabisa. Ile ya Scirocco inakaa, kava linapata nafasi, na bomba la intakula linapita juu yake. Naenda na hiyo, mistari miwili ya mirija mipana, tangi la kujazia nitalifunga juu kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mzee Lehemu rejeta ya asili siitupi, naihifadhi nzima na matangi yake.

Mzee_Lehemu
Umefanya vyema kuihifadhi. Mwaga maji yote, isuuze, kausha, ziba milango kwa vitambaa panya wasiingie. Na hilo tangi la kujazia hakikisha hozi yake nene inarudi karibu na pampu upande wa kuvuta, sio kwenye hozi ya juu.