Uzi maalumu wa MF DOOM: alikufikiaje na amekuachia nini? Tupeane uzoefu

Wakuu salama? Nyuzi za mastaa wa hip hop zipo nyingi sana ila huyu mtu wa barakoa ya chuma sijaona wake, kwa hiyo nashusha mimi. Kila mmoja aseme alimjuaje na kimemwingia nini.

Kwa wageni, kwa ufupi tu: jina lake halisi ni Daniel Dumile, kazaliwa London 1971, baba Mzimbabwe mama wa Trinidad, kakulia Long Island, New York. Alianza na mdogo wake DJ Subroc kwenye kundi la KMD, enzi hizo yeye akijiita Zev Love X, wakatoa albamu ya Mr. Hood mwaka 1991 chini ya lebo kubwa ya Elektra. 1993 albamu ya pili ikiwa inakaribia kuisha Subroc akagongwa na gari akafariki, na mwaka uliofuata lebo ikaikataa hiyo albamu kwa sababu ya kava lake, mchoro wa kikaragosi cha Sambo (ile picha ya kudhihaki watu weusi) kinanyongwa, watu wa juu wakaogopa, mkataba ukaishia hapo. Yaani mdogo wake amezikwa, kazi yao ya mwisho pamoja imefungiwa kabatini, na hana lebo, vyote ndani ya mwaka mmoja hivi. Akapotea kabisa kwenye gemu. Baadaye mwaka 1997 hivi akaanza kuonekana Nuyorican Poets Cafe pale New York anachana huku kajifunika uso na stokingi, kisha ndo ikaja barakoa ya Doctor Doom yule adui wa kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, akawa MF DOOM, na 1999 akatoa Operation: Doomsday kupitia Fondle 'Em, lebo ndogo tu ya Bobbito Garcia.

Mimi nilimjua kipindi ambacho mwenzangu niliyekuwa nachana naye tangu shule alikuwa ametutoka, daftari nilishaliweka chini ya kitanda, sikutaka hata kusikia biti. Mshkaji akanitumia Operation: Doomsday bila maelezo yoyote. Nilisikia sauti nzito, ina mikwaruzo, haina haraka, nikaisikiliza tu kama albamu nzuri mpaka nilipokuja kusoma habari ya Subroc, ndipo nikarudia upya na kila mstari ukabadilika maana. Jamaa amefiwa na mtu aliyeanza naye muziki na bado kapata namna ya kurudi kwenye maiki, tena kwa jina lingine na uso mwingine. Nilitoa daftari wiki hiyohiyo. Karibuni.

Mdau wa 2:
Mkuu umenigusa sana. Mimi niongelee vina maana ndo kilichonivuta. Sisi tunaochana Kiswahili tuna raha moja ambayo ni hatari pia, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo ukimaliza na "-ana" mstari huu na "-ana" mstari unaofuata unajiona umemaliza kazi. Nilikuwa naandika hivyo miaka na hakuna aliyenishtua. DOOM yeye hapangi kina kimoja mwishoni, anachukua silabi nne tano mfululizo anazilinganisha na silabi nne tano za mstari wa pili, halafu zingine kazificha katikati, na bado sentensi inaeleweka na inachekesha. Nilikaa na kalamu naweka alama kila silabi inayogongana kwenye wimbo mmoja wa albamu yake ya Madvillainy, karatasi ikajaa. Baada ya hapo nikajiwekea sheria, nikiandika mstari naanza kulinganisha silabi tatu kabla ya mwisho, siyo ya mwisho peke yake. Inauma, unaweza kushinda siku nzima una mistari miwili tu. Ila washairi wetu wa zamani walikuwa na vina vya kati na vya mwisho na mizani juu yake, kwa hiyo hii siyo kitu cha kigeni kwetu kabisa, tumeacha tu wenyewe kwa uvivu.

Mdau wa 3:
Mi somo langu kwake ni la biashara na naomba wasanii wadogo mlisome taratibu. Angalieni 2003 na 2004 tu. 2003 katoa Take Me to Your Leader kama King Geedorah kupitia Big Dada, mwaka huohuo katoa Vaudeville Villain kama Viktor Vaughn kupitia Sound-Ink. 2004 Machi ikaja Madvillainy na prodyuza Madlib chini ya Stones Throw, Novemba ikaja MM..FOOD chini ya Rhymesayers. Lebo nne tofauti, zote huru, na kila jina lina tabia yake, Viktor ni kijana msumbufu mwenye mdomo, Geedorah ni dubwana la vichwa vitatu kutoka anga za mbali na kwenye albamu hiyo wageni ndo wanachana zaidi yeye katulia kwenye midundo. Mtu aliyetemwa na lebo kubwa karudi akahakikisha hakuna lebo moja inayoshika shingo yake.

Mimi kuna studio nilisaini nao karatasi nikiwa sina akili ya mikataba, wakashika mpaka jina langu la kisanii, nyimbo ziko kwao hazitoki na mimi siruhusiwi kuzitoa. Niliposoma habari za DOOM nikaona kumbe jina siyo mwisho wa dunia, nikatafuta jina jipya nikaanza upya, sasa hivi nauza kazi zangu mwenyewe mkono kwa mkono na mtandaoni. Wasikilizaji ni wachache ila nawajua na kila senti naiona inapoingia. Someni mkataba jamani, mtafuteni hata mtu mmoja anayeelewa sheria aupitie.

Mdau wa 4:
Ila tusimtakase wakuu. 2007 kuna shoo alipeleka mtu mwingine kavaa barakoa anaigiza mdomo tu, watu wamelipa, wakazomea. Najua wanaosema ilikuwa sanaa, kwamba mhusika ni wa kutunga na yeyote anaweza kumvaa. Mimi nampenda DOOM kuliko rapa yeyote ila hapo sikubali, aliyelipa kiingilio amekuja kusikia yule aliyeandika.

Mdau wa 5:
Nakubaliana na wa 4 kwenye shoo, ila barakoa yenyewe naitetea. Mimi sura yangu ina kovu kubwa la moto, nimeambiwa na mapromota zaidi ya mmoja kwamba sauti ipo ila "muonekano" haupo. Yeye alikuwa akieleza wazi kwamba hip hop imehamia kwenye kuangalia mtu anafananaje badala ya kusikia anasema nini. Hilo mimi limenibeba. Sivai barakoa, napanda stejini na kovu langu, ila nikishaanza kuchana nataka watu wakae kwenye mistari, na wanakaa.

Mdau wa 6:
Mi prodyuza, naomba tusisahau mikono. Kama Metal Fingers, jina lake la uprodyuza, alitoa mfululizo wa Special Herbs, biti tupu, na mimi nimejifunzia humo kukata sampo (vipande vya nyimbo za zamani). Halafu Madvillainy, Madlib sehemu kubwa ya biti alizitengenezea hotelini Brazil 2002, ana sampla ndogo ya SP-303 (mashine ya kukatia sampo), kicheza santuri, santuri alizonunua hukohuko na kicheza kaseti, basi. Demo ikavuja zaidi ya mwaka mmoja kabla albamu haijatoka, wangeweza kukata tamaa, wao wakarudi na DOOM akarekodi upya sauti kwa utulivu zaidi, na ile ya taratibu ndo dunia inayoijua. Nyimbo 22 kwa dakika 46 hivi, viitikio vya kuhesabu. Nikiwa na msanii anayenililia kwamba vifaa vyetu ni vibovu namwekea hiyo albamu.

Mdau wa 7:
Kinachoniuma mimi ni mwisho wake. Kaishi Marekani tangu mtoto ila uraia hakuwahi kuchukua, 2010 katoka ziara ya Ulaya akakataliwa kuingia tena, akabaki Uingereza, familia upande mwingine wa bahari. 2017 akampoteza mwanawe wa miaka 14. Yeye mwenyewe kafariki Leeds tarehe 31 Oktoba 2020, ana miaka 49, mwili ulivimba kutokana na athari ya dawa ya presha, na sisi tukaja kuambiwa na mke wake siku ya mwisho ya mwaka. Nilikuwa nimesikiliza MM..FOOD mchana huohuo. Mwaka uliofuata mtaa mmoja Long Beach, New York ukapewa jina la KMD na MF DOOM, angalau yeye na Subroc wako kwenye kibao kimoja.

Mdau wa 8:
Wakuu mimi mgeni kabisa, nianzie wapi?

Mleta uzi:
Karibu mkuu. Anza na MM..FOOD maana inachekesha na midundo yake ni rahisi kuingia, halafu Operation: Doomsday, Madvillainy iwe ya tatu na uisikilize kwa hedifoni mara mbili kabla hujaamua. Ukipenda za giza nenda Vaudeville Villain. Ukishamaliza hizo rudi nyuma utafute Black Bastards, ile albamu ya pili ya KMD iliyofungiwa, ilikuja kutoka rasmi baadaye na humo utamsikia Subroc. Ukirudi utuambie ni mstari gani umekushika.