Dar–Mwanza "saa moja tu angani": acheni kuuzia watu tiketi kwa hesabu za kilomita

Wakuu, naandika nikiwa bado msibani Magu na hasira haijashuka. Mama mdogo aliyenilea tangu nipo darasa la pili kazikwa jana saa nane mchana, mimi nimefika saa tisa na dakika ishirini, nimekuta watu wananawa mikono na udongo wa kaburi bado mbichi.

Nilimuuliza wakala wa tiketi Dar hadi Mwanza ni muda gani, akafungua ile tovuti ya kupima umbali wa viwanja vya ndege akanigeuzia simu, kilomita 850 hivi, muda wa kuruka saa 1 na dakika 4. Nikamuuliza tena, inatua popote? Hapana kaka, ni dairekti. Nikapiga hesabu, inaondoka saa nne asubuhi, hata ikichelewa saa sita niko Mwanza, Magu ni kama kilomita 60, nawahi kuaga mwili.

Sasa hizo dakika 64 mnajua zinapatikanaje? Wanachora mstari ulionyooka toka uwanja wa ndege wa Dar pale Kipawa mpaka Mwanza wanagawa kwa kilomita 800 kwa saa, basi! Hamna foleni ya kuruka, hamna kupanda taratibu, hamna kuzunguka kabla ya kutua, na haijui umepangiwa ndege gani, maana mwendo huo ni wa jeti, sisi tulipakiwa kwenye pangaboi, ndege ya propela, ambayo ikijitahidi sana ni 600 na kitu.

Tukaondoka saa nne na dakika arobaini, mara tunatangaziwa tunatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Kupitia pale kunaongeza kama kilomita 70 tu, ni 450 mpaka KIA na 470 na ushee toka hapo mpaka Mwanza, kwahiyo ukiangalia umbali peke yake huoni tatizo. Tatizo ni kukaa chini. Tulikaa dakika 55, wa Mwanza msishuke, mlango wazi, dada wa ndege anapita anatuhesabu kwa kidole, anarudi anahesabu tena, na mimi nimeshika simu nasoma meseji ya kaka, "mwili umetoka ndani, uko wapi?" Nilishindwa hata kumjibu.

Mwanza tumegusa saa nane kasoro dakika kumi. Subiri begi, tafuta teksi, katiza mji mzima, Nyakato, Igoma, Kisesa, basi tena, ndo imeisha hiyo.

Na hilo neno dairekti msikie vizuri wakuu, kwa watu wa ndege maana yake namba ya safari ni ile ile mpaka mwisho, haimaanishi haitui njiani. Wao wanalijua hilo, abiria halijui, na anayekuuzia hakwambii hata ukimuuliza mara mbili. Nyie mnaouza tiketi, sitaki hela yenu, nataka tiketi iandike inatua wapi na inakaa dakika ngapi, na saa ya kufika ikae pale pale karibu na saa ya kuondoka, siyo kuonyeshwa kilomita kwenye simu.

Leo asubuhi nimempigia yule wakala nikamweleza yote. Kanijibu, "lakini kaka si ulifika siku ile ile?"